Pesa ya kupiga deki

Mimi napiga deki. Nalisema mapema ili msije mkanitafuta kwenye orodha ya madaktari wa Kitanzania walioko Marekani, maana simo. Nina miaka 11 hapa Seattle, na 8 kati ya hiyo imeishia usiku, nikisafisha maabara katika jengo moja la utafiti kule South Lake Union. Jengo lenyewe silitaji, ugali wangu uko humo. Saa kumi na moja jioni napanda treni Tukwila, nashuka Westlake, nadandia tramu hadi ziwani, na saa kumi na mbili na nusu ndoo iko mkononi.

Ijumaa ya tarehe 7 Februari 2025 niliingia zamu nikakuta watu hawajaondoka. Ijumaa usiku maabara huwa na mtu mmoja au wawili. Siku ile walikuwa wamejikusanya kwenye kijiwe chao cha kahawa, simu mkononi, sura za msibani. Nikadhani kuna aliyefariki. Dada mmoja mtafiti, ambaye kila wiki huniuliza Yanga wamefanyaje ingawa hajui Yanga ni nini, akanieleza. Taasisi za Taifa za Afya, zile zinazotoa pesa za utafiti wa tiba nchi nzima, zimetangaza kwamba kuanzia Jumatatu gharama za uendeshaji zinazoambatana na ruzuku hazitazidi asilimia 15.

Sikuelewa msiba uko wapi. Akaniketisha. Akasema mwaka 2023 taasisi hizo zilitoa ruzuku za kama dola bilioni 35. Bilioni 26 zilikwenda kwenye utafiti wenyewe: mishahara ya watafiti, panya, kemikali. Bilioni 9 walipewa vyuo na vituo walipie umeme, maji, walinzi, wahasibu, kamati za maadili, na kutupa taka zenye sumu. Kisha akanyoosha kidole kwenye ndoo yangu.

"Na hiyo," akasema. "Wewe uko kwenye zile tisa."

Nimeburuta ndoo ile miaka 8 nikijua mimi ni wa pembeni, mtu anayepita baada ya wenye kazi kuondoka. Kumbe nimo kwenye bajeti ya kupambana na saratani, nina mstari wangu. Sikucheka wala sikulia, ila nilipiga deki vizuri zaidi usiku ule, nawaambia ukweli.

Majimbo 22 yalikimbilia mahakamani, jimbo letu la Washington likiwemo. Jumatatu mahakama ya shirikisho ya Boston ikasimamisha agizo, na Aprili jaji akalizuia rasmi. Zamu zangu hazikukatwa. Lakini swali lilishaingia kichwani na limekataa kutoka: kwetu, nani yuko kwenye zile tisa?

Niwape kidogo habari za mtaa ninaofanyia kazi. Kituo kikubwa cha saratani hapa ni Fred Hutchinson, wenyeji wanakiita Fred Hutch. Jina ni la mcheza besiboli, mtoto wa hapa hapa Seattle, aliyekuwa kocha wa Cincinnati Reds. Saratani ya mapafu ilimuua mwaka 1964, ana miaka 45. Kaka yake alikuwa daktari wa upasuaji, akaapa mji huu utakuwa na kituo cha kupambana na ugonjwa ule. Kuapa kila mtu anaapa. Bahati yake ni kwamba tarehe 23 Desemba 1971 Rais Nixon alitia saini Sheria ya Taifa ya Saratani, serikali ikaanza kumwaga pesa kwenye vituo vya namna hiyo, na seneta wa jimbo hili, Warren Magnuson, alijua mlango wa kugonga. Kituo kikafunguliwa 1975. Mwaka uliofuata kikapewa hadhi ya kitaifa, na pesa inayoendana nayo.

Hadhi hiyo haipewi mtu akalala nayo. Kila baada ya miaka mitano kituo kinaandika upya, kinajieleza upya, wakaguzi wanakuja. Naijua hiyo miezi bila kuambiwa: mapipa ya karatasi yanajaa, taa hazizimwi, na watu wanasahau vikombe vya kahawa juu ya friji zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba chakula ni marufuku.

Kuna jambo jingine linanigusa zaidi kuliko ukubwa wa majengo. Mtu aliyekipa kituo hiki jina duniani ni Donnall Thomas, daktari wa kupandikiza uboho. Mwaka 1957, akiwa bado New York, alichapisha taarifa ya wagonjwa 6 aliowajaribu. Wote walikufa ndani ya siku 100. Hebu fikirini hilo lingetokea kwetu. Tume ingeundwa, mheshimiwa angezungumza na waandishi wa habari, na daktari angehamishiwa wilaya ya mbali akapime minyoo. Thomas aliendelea kupewa ruzuku. Alikuja Seattle miaka ya 60, wagonjwa wakaendelea kufa, kisha wachache wakapona, kisha wengi. Nobeli aliipata 1990. Piga hesabu mwenyewe, ni miaka 33. Ndani ya miaka hiyo yote kuna mtu alikuwa anafagia chumba chake, na huyo naye alilipwa.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa huku nilishajibiwa. Oktoba 2022 wazazi wa Jeff Bezos walitangaza kukipa Fred Hutch dola milioni 710.5 katika miaka 10. Habari ikazunguka kwenye kundi, na kama kawaida mtu akaandika: "Matajiri wetu wako wapi?" Zikafuata emoji za kulia, na mjadala ukaishia hapo.

Mimi sikubaliani. Mzee Bezos na mkewe walitoa pesa ile kwa kituo kilichokwisha kusimama miaka 47, chenye wahasibu, kumbukumbu za wagonjwa tangu miaka ya 70, na mfumo wa umeme wa dharura unaojiwasha wenyewe. Miezi michache kabla, Aprili, kilikuwa kimeungana na kliniki yake ya wagonjwa chini ya jina moja. Tajiri alikuta shamba limelimwa. Aliyelilima ni mlipa kodi, mwaka hadi mwaka, pamoja na watu wa kawaida wanaochangisha kwa kuendesha baiskeli kila Agosti. Siku ile ya baiskeli huwa nacheka: mtu mzima, mkurugenzi wa kampuni, kavaa kaptula ya kubana, anaomba jirani zake dola 50 kwa kuwa atapanda milima kwa hiari yake. Lakini wanatoa. Na kiroho safi, sisi tukiamua kuchanga hawatuwezi. Kamati ya harusi ya Sinza inakusanya milioni 30 kwa wiki sita, ina mweka hazina, ina kadi, ina mtu wa kukukumbusha ahadi yako saa mbili usiku ukiwa unakula. Utaalamu tunao. Tumeuelekeza kwenye keki.

Sasa nirudi nyumbani.

Ocean Road, hospitali ya saratani pale Dar, wengi mnaijua kwa nje: jengo jeupe la Wajerumani linalotazama bahari, lililojengwa kabla ya karne ya 20 kuanza. Barabara ya mbele ilibadilishwa jina 2013 ikaitwa Barack Obama Drive, na hadi leo sijamsikia kondakta hata mmoja akiiita hivyo. Kama taasisi ya saratani inayojitegemea, Ocean Road ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka 2018 ilipata mashine mbili za kisasa za mionzi, linaki, na hilo lilikuwa jambo kubwa, mwenye kusema vinginevyo hajawahi kupanga foleni ya kobalti, mashine ya mionzi ya kizamani. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania inapata wagonjwa wapya wa saratani kama 40,000 kwa mwaka, na vifo kama 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake inachukua wagonjwa wapya kama 10,000.

Mmoja wao, kwa mwaka 2014, alikuwa mama yangu mdogo.

Alikuwa ameshakoma hedhi miaka mingi. Damu ikaanza tena. Akanyamaza miezi kadhaa, kama wanavyonyamaza wote, halafu akaenda hospitali moja ya kwetu bara, nayo siitaji. Wakamkata kipande kidogo cha nyama cha kupima, wakakitia kwenye chupa ya dawa, wakaandika jina lake kwa kalamu, chupa ikasubiri gari la kwenda Dar. Gari halikuwa na mafuta. Wiki ya tatu likapatikana. Wiki ya saba akaitwa. Alijifunga kanga yake mpya akaenda kusikiliza majibu, na nesi akamwambia, kwa upole, simlaumu, kwamba chupa ipo lakini jina halipo. Dawa ilikuwa imevuja kidogo ndani ya boksi, ikafuta wino. Chupa nne zilikuwa hivyo. Wanawake wanne wakaambiwa waje tena kukatwa.

Mama mdogo hakurudi mara moja. Ile ya kwanza ilimuuma na ilimtia aibu. Aliporudi ilikuwa miezi mitano imepita, na alipofika Ocean Road tayari ilikuwa hatua ya tatu. Kule walimpokea vizuri. Alikaa wiki sita kwa mionzi, akilala na akina mama wa Kigoma na Mbeya, akanisimulia kwenye simu namna walivyokuwa wakisukana nywele jioni wakisikiliza bahari. Alifariki mwaka uliofuata. Sisi wa huku tulituma pesa: ya nauli, ya dawa, ya jeneza. Ile ya kalamu hakuna aliyetuomba.

Miaka ikapita. Siku moja huku nikasoma kisa cha chupa nyingine. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya unaowaua watoto wa Uganda. Desemba 1963 kipande cha uvimbe wa mtoto mmoja kilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London. Ukungu ukaikatalia ndege kutua, ikapelekwa Manchester. Chupa ikafika maabara Ijumaa jioni, maji yake yamechafuka, mtu mwingine angeyamwaga. Mtafiti Epstein akayatazama kwenye hadubini kabla hajaenda nyumbani, akakuta chembe hai zinaelea. Kutoka kwenye chembe zile wakakuza nyingine, na mwaka 1964 wakatangaza virusi, vya kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Leo vinaitwa Epstein-Barr.

Niliposoma nilikaa kimya muda. Chupa iliyotoka Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, ilivuka bara zima, ikapotea njia kwa ukungu, na mwenyewe akaijua ni ya nani. Ya mama mdogo ilitoka bara kwenda Dar.

Kampala ndiyo mahali ambapo huku ninakofanyia kazi na huko nilikotoka vinakutana kweli. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza 1967 kwa msaada wa Wamarekani, ikafundisha dunia namna ya kuchanganya dawa kutibu uvimbe ule wa watoto. Akaja Idi Amin, wageni wakaondoka, Waganda wakabaki wanaiendesha kwa kidogo walichonacho. Fred Hutch walianza kushirikiana nao 2004, na Mei 2015 likafunguliwa jengo la pamoja pale Mulago, lenye kliniki, maabara na chumba cha mafunzo. Kwa Seattle haikuwa sadaka tu. Saratani nyingi zinazoletwa na virusi zimejaa kwetu kuliko kwao, kwa hiyo mwenye kutaka kuzisoma lazima apande ndege. Hapo sioni ubaya. Ubaya ningeuona kama watafiti wa Kampala wangekuwa wakusanya chupa tu, na jengo lile limefundisha madaktari wa Uganda wa kutosha hadi siwezi kusema hivyo.

Lakini kitu kile kile cha ufagio kikawarudia. Mwaka 2016, jengo jipya halijamaliza hata mwaka, mashine pekee ya mionzi ya nchi, ya kobalti, ilikufa moja kwa moja. Mpya isingeweza kusimikwa mpaka chumba chake cha kuta nene kijengwe. Ilichukua zaidi ya mwaka, na baadhi ya wagonjwa ikabidi wapelekwe Nairobi. Kuta, jamani. Zege. Hakuna mfadhili anayependa kupigwa picha mbele ya zege.

Msidhani naisifia Marekani kwa kulewa theluji. Theluji yenyewe Seattle ni nadra, tumezoea mvua. Huku nako kuna vitu vya kutia uchungu. Mtaa ule wa South Lake Union ulikuwa wa maghala na vibanda vya kufulia. Fred Hutch walianza kuhamia miaka ya 90, Amazon wakafuata, na leo chumba kimoja hapo kinazidi mshahara wangu. Ndiyo maana naishi Kent, mwendo wa saa nzima na zaidi. Wanaofagia maabara za saratani hawana uwezo wa kulala karibu nazo.

Na kuna jamaa yetu wa Bukavu, tulikuwa zamu moja. Alipata saratani ya damu. Walimtibu, akapona, na leo tunacheza naye bao Jumapili. Teknolojia aliyopewa yeye, mama mdogo hakuiona hata kwa picha. Ila katikati ya matibabu alishindwa kwenda kazini, kazi ikaondoka, bima ikaondoka na kazi, na barua za madeni zikaanza kuja kwa bahasha za rangi. Mke wake alizipanga juu ya kabati kwa ukubwa, kama vyeti vya watoto. Tulichanga kodi ya nyumba miezi minne, Wakongo, Wakenya, Watanzania, hata Msomali mwenye duka la simu. Kwetu sera imesema kwa miaka mingi kwamba matibabu ya saratani ni bure, na ingawa "bure" hiyo mara nyingi ina dawa za kununua nje, hakuna aliyemtumia mama mdogo bahasha. Hilo nalishukuru na sitaki lipotee. Kuna ndugu zangu wa huku wakirudi likizo wanahubiri kila kitu kilipiwe. Wangekaa kwanza na mke wa yule jamaa mbele ya lile kabati.

Kwa hiyo hoja yangu ni nyembamba. Siombi Fred Hutch ya Dar. Muhimbili na Ocean Road wana watafiti wazuri, wanashirikiana na vyuo vya nje, na mara nyingi pesa ya utafiti wao inatoka nje hiyo hiyo. Februari 2025 serikali ya kule Washington, mji mkuu, ilipotikisa pesa hizo, walitikisika nao, tena bila mahakama ya Boston ya kuwatetea. Ninachotaka ni serikali yetu, na sisi wachangaji, tuwe na fungu la namna ya zile tisa. Kila mashine ikinunuliwa, pesa ya fundi wake wa miaka 10 iwekwe siku hiyo hiyo. Kila utafiti ukipitishwa, ulipie umeme wa friji na mtu wa kuandika daftari. Mambo haya hayakatiwi utepe. Mwaka 2018 tulianza chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi nchi nzima, na tangu 2024 msichana anahitaji dozi moja tu. Ni habari njema kuliko linaki kumi. Lakini chanjo inafika kijijini kwa pikipiki, na pikipiki inakunywa petroli.

Mwezi uliopita nilimpigia binamu yangu, mtoto wa huyo huyo mama mdogo. Amesomea unesi, yuko wadi ya wanawake. Nikamwambia tumekusanya kitu kidogo kwenye kundi, dola mia nne na ushee, tunataka kununulia hospitali yake kitu cha maana, aseme. Nilitegemea ataomba kitanda, au ile mashine ya kupima presha.

Akafikiri. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Kaka, mafuta ya pikipiki ya miezi mitatu. Yakibaki, tununulie zile kalamu zenu zisizofutika kwa dawa."

Zipo. Kwenye maabara ninayosafisha ziko kwenye kikombe kila meza, nyeusi, ncha nyembamba, na kila usiku naokota mbili tatu zilizoanguka chini nazirudisha kikombeni. Sijachukua hata moja. Nimeagiza zangu mtandaoni, boksi mbili, zimefika jana. Kuna mzee wa Tacoma anasafiri Jumamosi kwenda Dar, ana kilo mbili za nafasi, amesema nimletee kabla ya Ijumaa.